Audra McDonald: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Runinga ndiyo iliyomtoa."

Anayemjua Audra McDonald, mwigizaji na mwimbaji wa Marekani, kama wakili Liz Reddick wa tamthilia ya runinga ya The Good Fight, au Dk. Naomi Bennett wa Private Practice, huanza kuhesabu hapo. Private Practice ilianza kurushwa 2007. Wakati huo mama huyu alikuwa tayari na Tony nne, tuzo kubwa kuliko zote za Broadway, kumbi kuu za maigizo za New York, kwa michezo ya Carousel (1994), Master Class (1996), Ragtime (1998) na A Raisin in the Sun (2004). Tatu za mwanzo alizibeba kabla hajatimiza miaka 28.

Tena huyo Naomi hakuwa wake tangu mwanzo. Wahusika wa Private Practice walitambulishwa kwanza ndani ya tamthilia nyingine, Grey's Anatomy, na huko aliyeigiza Naomi alikuwa Merrin Dungey. McDonald alichukua nafasi baada ya hapo.

"Ni mwimbaji tu, uigizaji kauvamia."

Ni kweli kwamba alisomea uimbaji wa kiopera katika chuo cha Juilliard, New York, akamaliza 1993. Lakini itazame Lady Day at Emerson's Bar and Grill ya 2014, kazi iliyompa Tony ya sita. Humo yeye ni mwimbaji wa jazi Billie Holiday mwaka 1959, miezi michache kabla ya kifo chake, akiimba kwenye kilabu kidogo cha Philadelphia. Ukumbi wa Circle in the Square ulipangwa kama kilabu kweli, baadhi ya watazamaji wakiwa mezani karibu naye. Gauni jeupe, glavu ndefu, piano nyuma yake, kama dakika 90 bila mapumziko.

Sauti ya McDonald mwenyewe ni soprano, yaani sauti ya juu ya kike, iliyofunzwa kujaza ukumbi. Sauti ya Holiday mwishoni ilikuwa nyembamba, imekwaruzika, na maneno yakiburutwa nyuma ya mdundo. Kwa hiyo ilimbidi aifunge sauti aliyoijenga miaka yote, aimbe kwa koo la mtu aliyechoka, na katikati ya nyimbo asimulie maisha ya mhusika huku ulevi ukimzidi polepole. Hapo nyimbo zenyewe ndizo uigizaji.

"Tony sita zote ni za nyimbo."

Nusu tu. Tony hutenganisha mchezo wa kuigiza na mchezo wa muziki, na ndani ya kila upande hakuna kundi moja bali mawili: mwigizaji mkuu na mwigizaji msaidizi. Carousel na Ragtime zilimpa usaidizi upande wa muziki. Master Class na A Raisin in the Sun zikampa usaidizi upande wa mchezo. The Gershwins' Porgy and Bess (2012) ukuu wa muziki. Lady Day ukuu wa mchezo. Ndiyo, Lady Day ina nyimbo tele, lakini kamati ya tuzo iliihesabu kuwa mchezo wa kuigiza. Hakuna mwingine aliyeshinda makundi yote manne.

Na nani mkuu, nani msaidizi? Wengi hudhani hupimwa kwa wingi wa maneno. Kanuni ya kuanzia ni bango: jina lililo juu ya jina la mchezo siku ya uzinduzi ni la mkuu, la chini yake ni la msaidizi, isipokuwa kamati iamue vingine.

Kuna pia ubishi wa waigizaji Angela Lansbury na Julie Harris, kwamba nao wana sita. Wanazo, ila kila mmoja alishinda tano kwa kushindania, ya sita ikawa ya heshima ya maisha. Za McDonald zote sita ni za kushindania.

"Ana tuzo zote nne kubwa za Marekani."

Yaani Oscar ya filamu, Grammy ya muziki, Emmy ya runinga na Tony. Oscar hana. Grammy anazo mbili, kwa rekodi ya opera ya Rise and Fall of the City of Mahagonny. Emmy anayo, na hapa ndipo hata mashabiki wake hukosea: ya 2015 aliipata kama mtangazaji wa kipindi cha Live from Lincoln Center. Kwa uigizaji aliteuliwa, ikiwamo kwa Lady Day ilipoonyeshwa kwenye kituo cha runinga cha HBO mwaka 2016, lakini hakushinda.

"Nyota akiondoka, wa akiba anaingia na mchezo unaendelea."

Kwa jioni moja, sawa. Kwa miezi, inategemea tiketi zinauzwa kwa jina la nani. Mchezo wa muziki wa Shuffle Along ulizinduliwa Broadway Aprili 2016, McDonald akiwa kinara. Ilipojulikana kuwa ni mjamzito na atapumzika, mwimbaji Rhiannon Giddens alitangazwa kushika nafasi yake. Kisha waandaaji wakabadili uamuzi, na mchezo ukafungwa 24 Julai mwaka huohuo.