Waafghani na Waaleuti: majirani wa jedwali, si wa maisha

Ukipekua majedwali ya Ofisi ya Sensa ya Marekani yanayopanga watu kwa asili zao, utawakuta Waafghani na Waaleuti wamekaa karibu karibu. Kilichowakutanisha ni herufi A, basi. Mmoja kwao ni milima ya Hindu Kush. Mwingine ni mwenyeji wa visiwa vya Alaska vinavyotapakaa kuelekea Urusi, kwenye Bahari ya Bering yenye ukungu na upepo usiokoma. Lakini watu wakishaona namba mbili zimekaa jirani hawajizuii: nani ana kipato kikubwa? Nani maskini zaidi? Nani "kafanikiwa"? Majibu husambaa haraka, na mengi hupotosha hata pale ambapo namba zenyewe ni sahihi.

"Waaleuti si ndio Waeskimo?"

Hili tulimalize haraka. Si Waeskimo, na nyumba za barafu hawakuwa nazo. Wenyewe hujiita Unangan. "Aleuti" ni jina walilobandikwa na Warusi waliomiminika huko baada ya safari ya Vitus Bering ya 1741. Nyumba zao za asili zilizama nusu ardhini na kuezekwa udongo wenye nyasi, na Warusi waliziita, amini usiamini, "barabara". Msomaji wa Kiswahili akikutana na neno hilo kwenye maandishi ya kale ya Alaska, asitafute njia ya magari.

Jina lina athari kwenye hesabu, ndiyo maana nalitaja. Warusi waliwaita Waaleuti pia watu wa kisiwa cha Kodiak, ambao ni Waalutiiq wenye lugha nyingine kabisa, na mpaka leo wapo wazee wa Kodiak wanaojiandika hivyo. Sensa ya 2010 ilipata watu wapatao 12,000 waliojiandika Waaleuti tu, na zaidi ya 19,000 ukijumlisha waliochanganya asili. Kundi dogo namna hii linapopimwa kwa sampuli, kaya chache zikiingia au zikikosekana, wastani wote unayumba. Mtu akikuambia kundi hili limelizidi lile kwa dola elfu mbili tatu kwa mwaka, mwulize kwanza ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho makadirio yanaweza kukosea, ni kiasi gani.

"Mwenye dola nyingi ndiye mwenye nafuu"

Hapa ndipo penye kazi.

Mstari wa umaskini unaotumiwa na Ofisi ya Sensa ulibuniwa miaka ya 1960 na Mollie Orshansky, mchumi wa idara ya hifadhi ya jamii. Alichukua bajeti ya chakula ya kujikimu tu, akaizidisha kwa tatu. Mstari huo hupandishwa kila mwaka kufuata bei, lakini ni mmoja kwa nchi nzima, kuanzia vijiji vya Mississippi hadi Atka, kisiwa cha Waaleuti. Wakati huohuo Wizara ya Afya na Huduma za Jamii, inayoamua nani apate misaada, ina mwongozo wake, na huo unaitenga Alaska. Mwaka 2024, kwa familia ya watu 4, ulikuwa dola 31,200 katika majimbo ya bara na dola 39,000 Alaska. Yaani serikali hiyohiyo, mkono mmoja unakiri kwamba Alaska ni ghali, mkono wa pili unajifanya haujui. Familia ya Kialeuti ya ukubwa huo yenye dola 35,000 ni maskini kwa wizara na si maskini kwa sensa.

Na ughali wenyewe si wa mchezo. Unga, mafuta ya jenereta, mbao za kujengea, vyote hufika kwa tishali au kwa ndege. Meli ya abiria ya jimbo hupita kwenye mlolongo wa visiwa miezi ya joto tu. Ndege ikizuiwa na ukungu, rafu za duka zinasubiri.

Sasa geuza upande wa pili. Kipato kinachohesabiwa na sensa ni fedha taslimu kabla ya kodi. Samoni aliyetundikwa kwenye fito akauke haingii. Nyama ya sili haingii, wala samaki bapa wa kilo hamsini aliyevuliwa na mjomba na kugawiwa nyumba tano, wala matunda ya porini, wala kulungu wa visiwa vya St. Paul na Atka. Mswahili wa mwambao anaielewa hesabu hii bila kufundishwa: nyumba inayopata kitoweo baharini na nazi shambani haiwezi kulinganishwa na nyumba ya kupanga mjini inayonunua hata maji, hata kama mishahara ni sawa.

Kwa Mwafghani wa Fremont, California, au Sacramento, uvujaji ni wa kwenda nje. Kuna mama Herat, kuna mdogo wake aliyekwama Peshawar, na kila mwezi sehemu ya mshahara inaondoka. Kwa kuwa benki za Afghanistan zimebanwa tangu Taliban walipoitwaa nchi 2021, nyingi hupita kwa hawala, mtandao uleule wa kuaminiana ambao wasomaji wa Eastleigh na Dubai wanaujua. Mpokeaji wa Kabul anakwenda Sarai Shahzada, soko la wabadilisha fedha, anataja namba aliyopewa, anahesabiwa noti zake. Kwenye jedwali, dola zile bado zinasomeka kama kipato cha kaya ya California.

Halafu kuna vichwa. Chukua mfano: kaya mbili, zote zina dola 70,000 kwa mwaka. Ya Waafghani ina watu 7, kama ilivyo kawaida kwa familia nyingi zilizofika karibuni: dola 10,000 kwa kila kichwa. Ya Waaleuti ina watu 3: zaidi ya dola 23,000. Kipimo kimoja kitakuambia ziko sawa, kingine kitakuambia moja ni zaidi ya mara mbili ya nyingine, na vyote viwili havikudanganyi. Anayelinganisha lazima aseme anatumia kipi.

"Wazawa wa Alaska wanalipwa bure na mafuta"

Dhana hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba sishangai tena. Imechanganya vitu viwili.

Cha kwanza ni gawio la Mfuko wa Kudumu wa Alaska, unaotokana na mapato ya mafuta, lililoanza kulipwa 1982. Analipwa kila mkazi wa jimbo anayetimiza masharti: mzungu, Mfilipino, Mwaleuti, hata Mwafghani akihamia Anchorage na kukaa mwaka mzima wa kalenda. Mwaka 2022 lilikuwa dola 3,284. Mwaka uliofuata likashuka hadi dola 1,312. Halina uhusiano na uzawa.

Cha pili ni hisa. Sheria ya 1971 ya kumaliza madai ya ardhi ya wazawa iliwapa ekari milioni 44 na dola milioni 962.5, lakini haikuwapa mkononi. Ilianzisha makampuni, likiwemo Aleut Corporation, na kila mzawa aliyekuwa hai tarehe 18 Desemba 1971 akaandikiwa hisa 100. Mtoto aliyezaliwa kesho yake hakupata kitu isipokuwa kwa kurithi au kwa kampuni kupiga kura kuwafungulia mlango vijana, na si zote zilizofanya hivyo. Hisa haziuzwi kama za soko la hisa. Gawio hutegemea biashara imekwendaje, na wenye hisa wengi hawaishi visiwani tena.

Kama tunazungumzia nani amemlipa nani bure, tuseme na hili. Mwishoni mwa karne ya 18 Warusi waliwahamishia Waunangan kwenye visiwa vya Pribilof kuwinda sili wa manyoya. Marekani ikainunua Alaska mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na ngozi za sili peke yake zikairudishia zaidi ya fedha hiyo. Waliowachuna sili hao walilipwa kwa sehemu kubwa kwa bidhaa za stoo ya serikali, na kuondoka kisiwani kulihitaji ruhusa. Kesi waliyoifungua 1951 ilijulikana kwa jina la nyama ya kopo, na haihitaji maelezo kwa nini. Iliisha mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa dola milioni 8.5.

"Dutch Harbor ina mabilioni ya samaki, basi wenyeji ni matajiri"

Bandari ya Dutch Harbor, mjini Unalaska, imeongoza Marekani nzima kwa uzito wa samaki wanaoshushwa tangu miaka ya 1990. Ukiingia kwenye viwanda vyake wakati wa msimu utawakuta Wafilipino, Wavietnam, Walatino, hata Wasomali na Wasudan, wamevaa aproni za plastiki, wakifanya zamu za saa nyingi. Waunangan ni wachache katika mji ulio juu ya ardhi yao. Kwa hiyo anayechukua kipato cha mji huo akakiita kipato cha Waaleuti anapima watu wengine kabisa.

Wenyeji wanaopata fungu lao hulipata hasa kupitia mpango wa migawo ya kijamii ulioanza 1992, unaozitengea jumuiya 65 za pwani ya magharibi ya Alaska sehemu ya uvuvi wa Bering. Mpango huo umejenga magati na kusomesha vijana. Lakini nao unategemea bahari. St. Paul ya Pribilof, baada ya serikali kujitoa kwenye biashara ya sili mwaka 1983, iliegemea kaa na samaki bapa. Kisha joto la bahari likapanda. Zaidi ya kaa bilioni 10 wa theluji wakatoweka kati ya 2018 na 2021, na Oktoba 2022 msimu wao ukafutwa kwa mara ya kwanza. Kijiji kilichokuwa kikiendesha huduma zake kwa kodi ya kaa kilijikuta hakina kaa. Takwimu za wastani wa miaka mitano za kipindi hicho bado zilikuwa na miaka minono ndani yake.

"Waafghani wote ni wakimbizi wa juzi, na hawana ujuzi"

Wapo wa juzi, ni kweli: operesheni ya 2021 ya kuwahamisha watu baada ya Taliban kuingia Kabul iliingiza Marekani zaidi ya watu 76,000. Lakini Fremont ilianza kuitwa Kabul Ndogo zamani, kwa familia zilizokimbia baada ya Wasovieti kuivamia nchi mwishoni mwa 1979. Wengi wao walikuwa madaktari, waalimu na watumishi wa serikali. Watoto wao leo ni Wamarekani wenye nyumba na digrii. Katikati wakaja wakalimani na wahandisi wenye viza maalumu za waliofanya kazi na jeshi la Marekani. Ukichanganya wimbi la 1980 na la 2021 kwenye wastani mmoja, unapata familia ya kufikirika ambayo haiishi mtaa wowote. Hata majedwali ya kabla ya 2021 na ya baada yake yanasema habari mbili tofauti kuhusu jina lilelile.

Kuhusu ujuzi, tatizo kubwa ni karatasi. Daktari wa Kabul hatibu mgonjwa Virginia mpaka arudie mitihani na mafunzo ya miaka. Kodi ya nyumba haisubiri miaka, basi anaendesha teksi ya programu usiku. Waliofika 2021 walitengewa fedha za kuanzia mara moja, dola 2,275 kwa kila mtu, ambazo 1,225 tu ndizo za matumizi yake moja kwa moja. Wakimbizi wa njia ya kawaida nao, jambo ambalo wengi hawalijui, hufika wakiwa na deni: nauli ya ndege ni mkopo wanaoanza kuulipa miezi michache baada ya kutua.

Na tafadhali, Mwafghani wa Marekani asichanganywe na uchumi wa Afghanistan. Huko, kabla ya Agosti 2021 misaada ilibeba karibu robo tatu ya matumizi ya serikali. Ilipokatika, uchumi ulinywea kwa takriban moja ya tano mwaka huohuo, na wasichana wakafungiwa sekondari. Shule moja ya bweni ya wasichana, SOLA, ilihamia Rwanda na wanafunzi wake. Hiyo ni hesabu nyingine.

"Hawa wawili hawana chochote cha kulinganishwa"

Wanacho, ila hakimo kwenye safu ya dola.

Juni 1942 Wajapani waliipiga mabomu Dutch Harbor, wakavikalia visiwa vya Attu na Kiska. Marekani ikawapakia Waunangan 881 melini, wengine wakipewa saa chache na ruhusa ya begi moja. Kijiji cha Atka kilichomwa na wanamaji wa Marekani wenyewe, kanisa likiwemo, ili adui asikitumie. Watu waliozaliwa visiwa visivyo na miti walishushwa katikati ya misitu ya kusini mashariki mwa Alaska, kwenye majengo chakavu kama kiwanda cha samaki cha Funter Bay, bila maji safi wala vyoo vya kutosha. Karibu mmoja kati ya kumi alifia huko. Vijiji kama Makushin na Kashega havikurudiwa tena. Fidia ilipitishwa 1988, miaka 46 baadaye: dola 12,000 kwa kila mhamishwa aliyekuwa bado hai.

Agosti 2021 ikawa ndege badala ya meli, na begi lilelile moja. Waafghani waligawanywa kwenye kambi nane za jeshi, kutoka Fort McCoy, Wisconsin, hadi Fort Bliss, Texas, kisha wakatawanywa mijini. Maelfu waliingia kwa ruhusa ya muda, si ukaazi. Hifadhi ya muda, ya kutorudishwa kwao na kuruhusiwa kufanya kazi, iliyotangazwa kwa ajili yao 2022 ilifutwa Julai 2025. Mwaleuti wa St. Paul anaweza kukosa kaa msimu mzima na bado hakuna wa kumwambia aondoke. Mwafghani aliyekuwa akitegemea hifadhi ile, kibali chake cha kazi kikiisha, zile dola 70,000 za kwenye jedwali nazo zinaisha siku hiyohiyo.