Mkorosho nyuma ya darasa: dhana potofu kuhusu kufundisha viumbe hai Mtwara na Lindi

Shule nyingi za msingi za kusini zina mikorosho uwanjani au ng'ambo ya njia tu, na zile za pwani hazihitaji mwendo mrefu kufika kwenye mikoko. Hata hivyo somo la viumbe hai mara nyingi hufundishwa kwa mchoro wa ua ubaoni, watoto wakanakili, kengele ikagonga. Sababu zinazotolewa na walimu na wazazi nyingi ni dhana tu, na baadhi ya dhana hizo zinahusu mimea na wadudu tunaoishi nao kila siku.

"Bila maabara hakuna sayansi"

Kwa mtoto wa darasa la tatu au la nne, sayansi ni kuangalia, kupima, kulinganisha na kuandika alichokiona. Rula, uzi, daftari na chupa ya maji iliyokatwa vinatosha kuanzia. Wanaosema haya hayaji kwenye mtihani waangalie tena mada zenyewe: sehemu za ua, uotaji wa mbegu, makundi ya wanyama, jinsi viumbe wanavyomudu mazingira yao. Yote yapo nje ya dirisha.

"Bibo ni tunda, korosho ni kokwa lake"

Karibu kila mtu huku kwetu anaamini hivyo, nami nadhani hakuna somo zuri zaidi ya hili kwa mtoto wa Mtwara. Tunda halisi la mkorosho ni ile korosho yenye ganda la kijivu inayoning'inia chini, na mbegu ni punje iliyomo ndani yake. Bibo ni kikonyo kilichovimba na kujaa maji matamu. Wataalamu wa mimea huliita tunda bandia.

Usiwaambie watoto jibu. Maua ya mkorosho huja kiangazi, kuanzia Juni hivi. Kila kikundi kifunge uzi wa rangi kwenye shada moja, kisha kipime kila wiki na kuandika. Wataona korosho changa ya kijani ikitangulia kukua hadi kufikia ukubwa wake, huku kikonyo chake bado ni kijiti chembamba. Baada ya hapo ndipo bibo huvimba kwa kasi, nayo korosho hukauka na hata kusinyaa kidogo. Mtoto mwenye vipimo hivyo kwenye daftari hahitaji kukaririshwa tofauti ya tunda halisi na tunda bandia.

Shada hilohilo lina mengine. Maua mengi yatapukutika bila kuacha kitu, jambo ambalo wakulima hulilalamikia kila mwaka. Sehemu ya jibu ni kwamba mengi kati yake ni ya kiume tu, hayana ovari, kwa hiyo hayawezi kuzaa. Na ule ungaunga mweupe unaoshambulia machipukizi na maua, ubwiri unga, ni kuvu, kiumbe hai kinachojilisha kwenye mti. Ndiyo maana wazazi hupuliza salfa. Kisha wapeleke watoto kwenye mwembe, walinganishe mashada na utomvu unaochoma midomo. Mwembe na mkorosho ni wa familia moja, na hilo wataligundua wenyewe ukiwapa muda.

"Maji moto ni waharibifu wa mikorosho"

Maji moto, wale chungu wanaojenga viota vya majani mtini, wanauma, kweli, na mtu akipanda mti wakati wa kuchuma huwalaani. Lakini chungu hawa hawali majani wala korosho. Huwinda wadudu wengine, wakiwemo mbu wa mikorosho wanaofyonza machipukizi na kuyakausha. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamewachunguza kama walinzi wa shamba. Simamisha darasa hatua chache kutoka kwenye kiota, waangalie majani yalivyounganishwa. Uzi huo mweupe hutolewa na mabuu wao: chungu mkubwa humshika buu mdomoni na kumpitisha kutoka ukingo mmoja wa jani hadi mwingine.

"Sisi wa bara hatuna cha kuonyesha"

Walimu wa Newala, Masasi na Nachingwea husema bahari ndiyo yenye maajabu. Ng'oa muhogo, ng'oa karanga, kisha chukua tangawizi sokoni. Vyote vitatu hukua ardhini, na watoto watakwambia vyote ni mizizi. Muhogo ni mzizi. Tangawizi ni shina, ina vifundo na machipukizi. Karanga ni tunda: ua lake la njano huchavushwa juu ya ardhi, halafu kikonyo hurefuka na kuzama udongoni kikiwa na ovari changa kwenye ncha, na ganda hukomaa humo. Mche mmoja uliong'olewa kwa uangalifu unaonyesha hatua zote.

Mvua za kwanza zikinyesha kuna kumbikumbi. Watoto huwakaanga na kuwala wakidhani ni mdudu wa aina yake. Ni mchwa walewale wa kwenye kichuguu, waliopata mbawa ili wakaanzishe makazi mapya. Nao mchwa, ingawa wanafanana na chungu, ni ndugu wa mende.

"Kile kirefu kinachoning'inia kwenye mkoko ni tunda"

Ni mche. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikadondoka tayari ina mzizi wa kuanzia. Maji yakipwa, Mikindani au Sudi, okoteni iliyoanguka na kuichomeka topeni. Msikate, kwa kuwa kukata mikoko kunahitaji kibali. Hapohapo mtoto alambe jani la mchu, aina nyingine ya mkoko, aonje chumvi ambayo mti umeitoa, na aguse vijiti vinavyochomoza topeni kuuzunguka. Hivyo ni mizizi inayovuta hewa.

"Matumbawe ni mawe"

Tumeyajengea nyumba na kuyachoma chokaa, kwa hiyo kosa linaeleweka. Lakini jiwe hilo limejengwa na wanyama wadogo laini walioishi pamoja kwa maelfu. Kwa wenye shule karibu na Msimbati, sehemu ya bahari hiyo ni hifadhi tangu mwaka 2000, hivyo ombeni ruhusa ofisini kabla ya kupeleka darasa.

"Cha asili hakidhuru"

Mafuta ya ganda la korosho mbichi huunguza ngozi, kwa hiyo mtoto asiibanjue wala kuing'ata. Upupu unajulikana. Ufukweni, konokono mwenye gamba lenye umbo la pia na madoadoa mazuri asiokotwe akiwa hai: ana mwiba wenye sumu, na wa aina fulani wanaweza kuua mtu mzima. Kabla ya safari, mwalimu apite njia hiyo mwenyewe na mvuvi au mama anayekwenda kuchokoa pweza, aonyeshwe kila kisichoguswa.