Marekani hailipi kila mzazi anayemsomesha mtoto nyumbani

Kuna ujumbe usiokwisha kwenye magrupu ya ndugu zetu walioko Marekani: mtoe mtoto shule, mfundishe nyumbani, serikali itakuwekea maelfu ya dola utumie utakavyo. Si kweli.

Elimu kule huendeshwa na majimbo, na mengi hayampi mzazi wa namna hiyo hata senti. Mkanganyiko unatoka majimbo kama Arizona, ambako tangu 2022 akaunti za elimu zinazolipiwa na jimbo ziko wazi kwa wanafunzi wote. Lakini pesa hizo ni za ada, vitabu, mwalimu wa ziada na mengine ya masomo, kwa risiti. Kodi ya nyumba haimo. Tena mzazi husaini mkataba, na kisheria mtoto hahesabiwi kuwa wa elimu ya nyumbani. Aliyekwisha kuwasilisha hati ya kiapo kwamba anamsomesha mtoto nyumbani huiondoa kwanza. Hapa ndipo wengi hupotea.

Kuhakikisha si kazi: fungua tovuti ya idara ya elimu ya jimbo unaloishi, yenye anwani ya serikali, usome masharti kabla hujamtoa mtoto shule. Ujumbe ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Muulize aliyeutuma ni jimbo gani.