Vitamini D, Chembe za Kinga na Kikohozi Kisichopona

Vitamini D ni nini?

Ni kirutubisho ambacho ngozi hukitengeneza ikipigwa na jua, na ambacho pia hupatikana kwa kiasi katika mukene (dagaa), maini na kiini cha yai. Ini na figo hukigeuza kuwa homoni.

Inazisaidiaje chembe za kinga?

Chembe nyeupe za damu zina vipokezi vya vitamini D, yaani sehemu za kuinasa. Makrofaji, yaani zile chembe zinazomeza vijidudu, zinapomtambua bakteria wa kifua kikuu huongeza vipokezi hivyo, huigeuza vitamini D kuwa homoni humo humo ndani yake bila kusubiri figo, kisha hutengeneza kathelisidini, protini inayotoboa utando wa bakteria. Hayo yalionyeshwa maabara katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Katika seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu, vitamini hiyo hiyo hupunguza ukali, ili kinga isiudhuru mwili wenyewe.

Basi vidonge vyake vitaniponya kikohozi?

Hapana. Kikohozi kisichopona huenda ni kifua kikuu, na yanayotokea katika chembe maabara si lazima yatokee kwa mgonjwa. Nchini Mongolia, watoto wa shule zaidi ya 8,000 walifuatiliwa kwa miaka 3, baadhi wakipewa vitamini D kila wiki, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba haikuwazuia kuambukizwa kifua kikuu.

Nimeshaanza kuvimeza na ninahisi nafuu. Je, nimalize kopo kwanza?

Hapana, tafadhali usimalize. Hapa Busia tunawapokea wagonjwa wanaoweka mezani kopo la vidonge lililobaki nusu, mkanda wa suruali umetobolewa matundu mapya kwa kukonda, na makohozi yana damu. Ukiuliza kikohozi kimeanza lini, unaambiwa kabla ya mavuno. Kwa muda wote huo mtu amelala chumba kimoja na watoto wake. Kikohozi kikifika wiki 2, nenda ukapimwe makohozi. Na ukiwa unaishi na virusi vya Ukimwi, usisubiri hata hizo wiki 2, nenda siku hiyo hiyo.

Lakini kuongeza kinga kuna ubaya gani?

Ubaya ni kuchelewa, na ninarudia: ni kuchelewa. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6, kwa dawa kama rifampisini na isoniazidi, ambazo katika vituo vya serikali hutolewa bure, huku wewe ukitumia fedha zako dukani kwa kitu kisichokitibu. Tena vidonge vya vitamini D vikizidi hupandisha kalsiamu katika damu, na mtu hupata kiu, kichefuchefu na hata mawe ya figo.

Nikae juani, basi?

Kutembea nje mikono ikiwa wazi kunatosha kwa watu wengi wa huku kwetu; jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halitengenezi vitamini D.

Nikija kupimwa, nije na nani?

Njoo na watu wote wa nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu huchunguzwa, na asipokuwa na ugonjwa hupewa dawa ya kumkinga, kwa hiyo usimwache kwa jirani siku hiyo.