Je, wajua? Daktari wa meno huupimaje uzuri wa uso wako?

Ukienda kwa mtaalamu wa kupanga meno, usishangae akikaa kwanza kukutazama kabla hata hujaachama. Atakuambia ukae wima, utupe macho mbali na ulegeze midomo. Atachukua ule uzi wa kusafishia katikati ya meno, aunyooshe mbele ya uso wako kutoka katikati ya nyusi hadi kidevuni, kisha achungulie. Ncha ya pua imekaa kwenye uzi? Na ule mfereji mdogo ulio kati ya pua na mdomo? Meno mawili ya mbele yanakutania hapo hapo, au yamesogea pembeni? Baadaye atakuomba ucheke, na kwa rula ndogo atahesabu fizi zinaonekana kwa milimita ngapi. Kukaa wima si adabu tu: ukiinamisha kichwa kidogo kidevu huonekana kimerudi ndani, ukikiinua huonekana kimechomoza, na vipimo vyote vinapotoka.

Kwa mbele, uso hugawanywa mafungu matatu kwa urefu: nywele zinapoanzia hadi kwenye nyusi, nyusi hadi chini ya pua, chini ya pua hadi kidevuni. Kwa upana, kipimo cha zamani kinadai uso uwe na upana wa macho matano. Hesabu hizi zilitoka kwa wachoraji na wachongaji wa Ulaya. Leonardo da Vinci naye alichora nyuso zilizokatwa mafungu hivyo. Leslie Farkas, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Toronto, Kanada, hakuridhika kuzirithi tu. Yeye na wenzake walipima nyuso za watu walio hai, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 1985 kanuni nyingi kati ya hizo ziligoma: watu wengi hawakuzifuata. Kwa hiyo ukiona programu ya simu inakupa alama za urembo kwa kutumia ile namba 1.618, inayoitwa uwiano wa dhahabu, usiumie roho.

Penye mvutano hasa ni uso ukitazamwa kwa upande. Chukua rula sasa hivi, iegemeze kwenye ncha ya pua na kidevu. Huo ndio mstari wa Robert Ricketts, mtaalamu wa Marekani. Kwa kipimo chake, kwa mtu mzima mzungu mdomo wa chini hukaa kama milimita 2 nyuma ya mstari, na wa juu kama milimita 4. Wengi wetu huku Afrika Mashariki midomo itaigusa rula, au itaisukuma kabisa. Je, tuna kasoro?

Hatuna, na inafaa kujua kipimo kilitoka wapi. Edward Angle, Mmarekani anayehesabiwa kuwa baba wa taaluma ya kupanga meno, aliwahi kuichukua sanamu ya Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale, iliyoko Vatikani kuwa mfano wa uso uliokamilika. Rafiki yake Edmund Wuerpel, mwalimu wa sanaa huko St. Louis, alimfahamisha kuwa haiwezekani kuchagua sura moja ikawa kielelezo cha watu wote. Angle akageukia imani nyingine: meno yote yakiwepo na kuumana sawasawa, uso utajipanga wenyewe. Mwanafunzi wake Charles Tweed aliifuata imani hiyo miaka kadhaa, kisha akaona baadhi ya wagonjwa wake midomo imechomoza kuliko alivyopenda. Aliwatibu upya, safari hii akiwang'oa magego madogo manne ili meno ya mbele yarudi ndani. Wengi walimfuata, na nyuso zikaanza kulazwa bapa.

Mwaka 1970 Harvey Peck na Sheldon Peck, wapanga meno wa Marekani, waliigeukia ladha ya watu wa kawaida. Walipima vijana 52 ambao umma wa Marekani ulikuwa umekwisha kuwasifu kwa uzuri, wakiwemo washindi wa mashindano ya urembo na wanamitindo. Midomo na meno ya vijana hao vilichomoza kuliko vitabu vya wataalamu vilivyoruhusu. Watu walipenda kile ambacho daktari angekirudisha ndani! Na mwaka 1989 vilichapishwa vipimo vya eksirei za watoto wa Kikuyu nchini Kenya: meno na mataya yao yalikaa mbele zaidi ya viwango vya wazungu, na hiyo ndiyo hali yao ya kawaida. Hili nalichukulia kwa uzito sana, kwa sababu anayetumia kipimo kisicho chetu anaweza kumng'oa mtoto meno manne mazima ili kutibu ugonjwa ambao haupo.

Daktari wa upasuaji wa taya ana mzigo wa ziada. Yeye hukata mfupa, mara nyingi kwa njia inayoitwa Le Fort, jina la daktari Mfaransa aliyeeleza mwaka 1901 jinsi mifupa ya uso inavyovunjika. Lakini ngozi haifuati mfupa milimita kwa milimita. Akilisogeza mbele taya la juu, matundu ya pua nayo hutanuka, kwa hiyo analazimika kukisia uso utakavyokuwa uvimbe ukishapungua.

Je, jicho la mtaalamu linaona zaidi ya la kwetu? Mara nyingine tu. Mwaka 1999 Vincent Kokich na wenzake, kutoka Seattle, waliwaonyesha wapanga meno, madaktari wa meno wa kawaida na watu wasio wa fani picha za vicheko zilizorekebishwa kidogo kidogo. Mstari wa katikati ya meno ulipohama milimita 4, wapanga meno walikunja uso. Madaktari wa kawaida na raia hawakugundua kitu. Lakini meno ya mbele yalipoinamia upande kwa milimita 2, makundi yote matatu yaliona. Jicho letu linavumilia kilichohama, halivumilii kilichopinda.

Tena katika utafiti wa Kokich na wenzake uliochapishwa mwaka 2006, mwanya mdogo kati ya meno mawili ya mbele haukuhesabiwa kuwa mbaya na kundi lolote. Kwetu hilo si jipya. Msichana mwenye mwanya hasifiwi kwa kuonewa huruma; anasifiwa kwa sababu akicheka watu hugeuka. Ndiyo maana napenda daktari ambaye, kabla ya kutaja bei ya waya, anauliza: mwanya huu umezaliwa nao? Mama anao? Ukijibu ndiyo na fizi ni nzima, anaweza kukuacha uondoke nao. Ukijibu kwamba haukuwepo, kwamba umejitokeza ukubwani na unazidi kupanuka, atauweka pembeni uzi na rula na kuanza kuzikagua fizi, maana huenda meno yanahama kwa kuwa mfupa unaoyashika unalika.