Je, wajua kikaragosi anayeimba opera huitoa wapi pumzi?

Jumamosi moja umeme ulikatika Sinza nikiwa katikati ya sekunde ya tatu ya filamu yangu ya kikaragosi. Juu ya meza ya kulia alisimama mtu wangu wa waya na sponji, kamzunguka kipande cha khanga kuwa joho. Simu nilikuwa nimeifunga kwenye kigoda kwa mpira. Piga picha, sogeza mkono kiasi cha punje ya mchele, piga tena. Taa ilipozimika nikamalizia kwa mwanga wa dirisha, na saa nzima ikaenda na maji: mkono unapanda vizuri, kisha ghafla kikaragosi mzima anageuka rangi ya bluu.

Aliyenitia wazimu huu ni Mwingereza Barry Purves, aliyeigeuza Rigoletto, opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, kuwa filamu ya vikaragosi mwaka 1993. Opera hiyo ya Giuseppe Verdi ilichezwa mara ya kwanza Venice mwaka 1851, na jukwaani huchukua kama saa mbili. Purves aliibana hadi nusu saa hivi. Piga hesabu: sekunde moja ya filamu ni picha 24, kwa hiyo nusu saa ni picha 43,200. Hata kila mkao ukipigwa picha mbili, kama wengi wafanyavyo, bado ni mikao 21,600 ya kusogeza kwa vidole.

Katika kazi za namna hii sauti ni ya binadamu, na hurekodiwa kwanza. Kisha hugawanywa kwenye karatasi: silabi hii inaanguka picha ya ngapi, ile ya ngapi. Konsonanti hazina shida. Ikija "m" au "b", midomo inafungwa. Taabu ni irabu. Mwimbaji wa opera anaweza kuishika "a" moja sekunde tano, yaani picha 120 za mdomo uliobaki wazi. Ukiuacha tu hivyo, kikaragosi anafanana na mtu aliyesahauliwa kwenye kiti cha daktari wa meno.

Basi kazi inahamia kifuani. Kabla sauti haijatoka, mabega yanapanda kidogo kidogo na mbavu zinajaa. Sauti ikishatoka, kifua kinashuka polepole mpaka pumzi iishe. Ndani kuna mifupa ya chuma yenye viungo vya duara, na nyayo hukazwa sakafuni kwa skrubu asianguke. Aliyewahi kukaa mbele kwenye taarab anaijua hali hii: bega la bibi likiinuka tu, wenye kutuza wameshashika noti mkononi.

Mtihani mkubwa, kwangu, uko mwishoni. Rigoletto, mchekeshaji mwenye kibiongo, ana gunia analodhani lina maiti ya mtawala. Ghafla anamsikia mtawala huyohuyo akiimba kwa mbali. Hapo mdomo hausaidii kitu. Ni mgongo tu unaoonyesha kwamba amesikia.

Wangu amefika sekunde ya nne. Mkono umepanda, kifua bado. Sponji inakunjika kwapani.