Kughushi si kila dai lililokatwa

Zahanati ikikatwa madai yake ya bima mwezi huu, yaani mfuko wa bima ukikataa kuyalipa, kesho yake mtaani Unga Limited au Majengo utasikia, "Wameghushi." Mhasibu akizidisha sifuri moja, ameghushi. Daktari akiandika kipimo ambacho mgonjwa hakupimwa, naye ameghushi. Hata waliofunguliwa mashtaka humwendea wakili na neno hilohilo moja, ilhali hati ya mashtaka waliyoishika mkononi inataja kosa jingine kabisa. Matokeo yake wanaandaa utetezi wa kosa ambalo hawakushtakiwa.

Kwa ufupi, kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Ndivyo Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inavyosema katika kifungu cha 333 kwa namba za toleo la 2022, na kifungu cha 335 kinafafanua hati ya uongo ni ipi: pamoja na mengine, hati iliyobadilishwa bila idhini, au iliyosainiwa kwa jina la mtu ambaye hakutoa idhini. Mambo mawili lazima yakutane, hati na nia. Moja likikosekana, hakuna kughushi.

Neno lenyewe linafundisha vizuri kuliko watu wanavyodhani. Limetoka kwenye Kiarabu, *ghashsha*, na hapo zamani lilikuwa neno la sokoni: kuchanganya kitu kizuri na kibaya ili kipite kama kizuri chote. Nafaka kavu juu, iliyolowa chini. Maziwa yaliyotiwa maji. Kiswahili kimelihifadhi hivyo hivyo: tunasema dhahabu ghushi, na hapa Arusha kioo cha bluu kinachouzwa kama tanzanite ya Mererani ni ghushi kwa maana kamili ya neno. Angalia kinachobebwa na neno hilo. Kuna mkono uliochanganya, na kuna mnunuzi ambaye mkono huo ulimlenga. Mvua ikinyeshea ndoo ya maziwa iliyosahauliwa nje, maziwa yameharibika, lakini hakuna aliyeghushi. Ukiyauza huku ukijua, hapo umedanganya. Ukichukua maji na kuyamimina mwenyewe ili uyauze, ndipo umeghushi. Hayo ni matendo matatu tofauti, na sheria nayo imeyatenganisha.

Chukua dawa ya kawaida kabisa, amoksilini ya miligramu 500, kidonge kimoja mara tatu kwa siku 7. Ni vidonge 21. Karani akisoma vibaya mwandiko wa daktari, akadhani ni siku 14 na kujaza 42, hilo ni kosa. Dai litakatwa, na likikatwa basi limekatwa. Makato ni hatua ya kiutawala kati ya mtoa huduma na mfuko wa bima, na njia yake ni kupeleka maelezo na vielelezo kuomba lipitiwe upya. Dirisha la dawa likitoa vidonge 15 kwa sababu stoo imeishiwa, kisha dai likaenda na 21 kwa makusudi, hapo kuna udanganyifu: kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, vifungu vya 301 na 302. Na mtu akiandika upya cheti cha dawa na kusaini kwa jina la daktari ambaye siku hiyo hakuwa zamu, hapo ndipo kughushi kunapoingia. Anayepeleka hati hiyo huku akijua ni ya uongo ana kosa lake pekee, kuwasilisha hati ya uongo, kifungu cha 342, hata kama kalamu haikuwa yake. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, nao wana kifungu cha 22 cha sheria yao ya mwaka 2007, kinachohusu kutumia nyaraka zenye maelezo ya uongo kumdanganya mwajiri. Mara nyingi makosa haya huwekwa pamoja katika hati moja ya mashtaka, na kila shtaka linajibiwa kwa ushahidi wake.

Kwa nini tofauti hii isiachwe ipite hivihivi? Kwa sababu jibu linalookoa katika shtaka moja halina nguvu katika jingine, na hapa ndipo wahudumu wengi wazuri wanapoumia. Katika udanganyifu, kuthibitisha kwamba mgonjwa alitibiwa kweli ni utetezi mzito: huduma ilitolewa, fedha zilistahili kulipwa. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda pia mtu anayeamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya mali anayodai, kama hakuwa na nia ya kulaghai. Katika kughushi sivyo. Kifungu cha 336 kinasema nia ya kulaghai inachukuliwa kuwepo pale ambapo wakati hati ya uongo inatengenezwa alikuwapo mtu anayeweza kulaghaiwa nayo, na dhana hiyo haiondolewi na ukweli kwamba mtengenezaji alikuwa na haki, au alidhani ana haki, ya kupata alichokuwa anakitafuta. Soma tena sentensi hiyo ukiwa umemfikiria muuguzi aliyehudumia mgonjwa vizuri, mgonjwa akawahi basi la Rombo bila kusaini fomu, na muuguzi akachora saini ya mgonjwa ili dai lisirudi. Huduma ni ya kweli. Dawa ni za kweli. Saini ni ghushi. Kusema "lakini tulimtibu" hakumtoi hapo.

Kinachoweza kumtoa ni neno idhini. Kifungu cha 335 kinasema kusaini kwa jina la mtu *bila idhini yake*. Kama mgonjwa aliruhusu, aje aseme hivyo mahakamani. Ushahidi wake una thamani kuliko hotuba yoyote. Na njia ya kuepuka yote haya ni nyepesi: asiyejua kuandika aweke alama ya dole gumba mbele ya shahidi, ndugu anayesaini aandike jina lake mwenyewe na uhusiano wake na mgonjwa, na mgonjwa akishaondoka, nafasi ibaki wazi na sababu iandikwe pembeni. Dai moja likirudi ni hasara ndogo.

Upande wa vielelezo, utetezi wa kesi hizi unajengwa stoo na dirishani kuliko kizimbani. Rejista ya wagonjwa wa nje, cheti cha dawa, rejista ya maabara, kadi ya stoo na rosta ya zamu vilinganishwe tarehe kwa tarehe na madai yanayolalamikiwa. Kama vipimo vya malaria vilivyodaiwa vinazidi vitepe vilivyopokelewa stoo, wakili ajue mapema, kabla mwendesha mashtaka hajamwambia. Kama madai yaliingizwa kwenye mfumo kwa neno la siri linalojulikana na watu watano, hilo ni swali kubwa la nani hasa alifanya, na upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha pasipo shaka yoyote ya msingi. Saini ikibishaniwa, mtaalamu wa maandishi atahitaji hati halisi na sampuli za saini zisizo na mgogoro. Nakala ya fotokopi ni msingi dhaifu. Muulize pia kila shahidi fomu zilitoka kabati gani, alizichukua nani na akamkabidhi nani.

Kosa baya kuliko yote hufanyika baada ya barua ya wakaguzi kufika. Watu hukaa usiku kujaza mapengo ya rejista. Wino mpya katika tarehe za zamani hugeuza kosa la hesabu kuwa kughushi kwelikweli, na sasa nia inaonekana waziwazi. Sahihisho halali ni mstari mmoja juu ya neno lililokosewa, likiendelea kusomeka, na saini na tarehe ya siku unayosahihisha. Vivyo hivyo barua ya kurejesha fedha: "tunarejesha malipo yaliyozidi" ni sentensi moja, na "tunakiri udanganyifu" ni nyingine kabisa. Kurejesha si kukiri, lakini maneno uliyoyachagua mwenyewe yanaweza kukugeuka, sawa na maelezo ya onyo polisi, yaani yale mtuhumiwa anayotoa baada ya kuonywa, ambayo yafaa yatolewe wakili akiwepo.

Wapo wanaosoma mambo ya Marekani na kuyaleta Moshi kama yalivyo. Kule kuna sheria ya madai ya uongo ya tangu 1863, ya kesi za madai na si ya jinai, ambayo serikali haihitaji kuthibitisha nia ya kulaghai. Uzembe mkubwa wa kutojali ukweli unatosha mtu kulipishwa. Sheria yao ya jinai ya udanganyifu wa huduma za afya, ya 1996, ni kitu kingine. Kesi iliyoko Mahakama ya Hakimu Mkazi Moshi haiamuliwi kwa lolote kati ya hayo mawili.

Basi ukimsikia mtu akisema zahanati ile imeghushi kwa kuwa madai yake yamerudi, mrekebishe taratibu: madai yamekatwa. Kama kuna aliyeghushi, hati ya mashtaka itataja ni hati gani, saini ya nani, na siku gani.